Siku Waheshimiwa Hawakuwa na Njaa

Mume wangu, Laurean Kaijage, hakumnyima mtu yeyote chakula. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa zaidi, kuanzia Hyattsville hadi Woodbridge, na wengi wanaolisema hawakuwapo ukumbini, na waliokuwapo walikaa mbali sana na sufuria. Inasemwa pia kwamba aliuua Umoja wa Watanzania wa eneo hili kwa mikono yake mwenyewe. Na tangu azikwe limeongezwa la tatu: kwamba binti yetu Queen hakuozwa kwa heshima, alitolewa kimya kimya mlangoni mwa jiko kama sahani ya ndizi, bila mzee yeyote kusema neno. Hilo la tatu ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Marehemu anaweza kunyamaza. Binti yangu ana mume, ana wakwe, na ana jina la baba yake.

Niseme kwanza alikuwa nani. Laurean alizaliwa Kanyigo, mtoto wa katekista. Alisoma seminari ndogo, akatoka kabla ya kuvishwa chochote, akawa karani wa kahawa katika chama cha ushirika. Huko ndiko tulikoonana, mimi nikiwa mwalimu wa historia katika sekondari ya wasichana, na shahada yangu ya Mlimani ikiwa bado inanukia wino. Mimi nililetwa Washington na udhamini wa masomo, katika chuo kile cha mtaa wa Shaw, na yeye akanifuata na sanduku moja. Wanaosema alikuwa mhudumu wa mezani hotelini hawajui wanachosema. Alikuwa msimamizi wa kikosi cha kupanga kumbi katika hoteli kubwa ya mjini. Meza ambazo wakubwa wa dunia wamezipiga ngumi, miguu yake ilikunjuliwa na yeye. Hata angekuwa mhudumu nisingeona haya. Lakini hakuwa.

Tulianzia Columbia Heights, katika besimenti yenye dirisha moja lililotazama viatu vya wapita njia. Watanzania tulikuwa wachache kiasi kwamba ukimsikia mtu anasema "jamani" ndani ya treni, unashuka naye hata kama si kituo chako. Umoja ulizaliwa mle mle besimenti. Kiti cha kwanza cha mwenyekiti kilikuwa ndoo ya rangi iliyogeuzwa, akakikalia Mzee Ezekiel, mtu wa Dodoma, mwenye sauti ambayo haikuhitaji maikrofoni. Alichaguliwa mara moja, halafu akaendelea.

Sitaki kumdharau Mzee Ezekiel, maana katika enzi yake Umoja ulikuwa dola. Ulitawala kutoka Baltimore hadi ng'ambo ya mto Virginia. Neno lake liliwafikia wanaosafisha ofisi na wanaosafishiwa ofisi, na wote walikuja Desemba kwenye sherehe ya Uhuru wamevaa kitenge cha sare ambacho yeye alikichagua na hakuna aliyekipenda. Mtu akifiwa, Umoja ulifika kabla ya machozi. Mtoto akizaliwa, Umoja ulimpa jina la pili. Laurean alikuwa Mratibu wa Ukumbi, cheo ambacho wasiojua walikiita Mkuu wa Viti, na alikishika mpaka mwisho kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Vyeo vinavyodumu mara nyingi ni vile vyenye mizigo ya kubeba.

Nilikuwa nikiwafundisha wasichana wa kidato cha tatu kwamba dola kubwa haianguki kwa siku moja, na mara chache huangushwa na adui. Kwanza watawala wa pembezoni wanachelewa kujibu barua. Kisha wanachelewa kufika. Kisha wanafika, lakini na walinzi wao wenyewe. Mwisho wanatengeneza sarafu yenye sura zao. Kwetu sarafu ilikuwa fulana.

Ya kwanza ilivaliwa na Mwita. Chanzo kilikuwa nyama ya pikiniki ya kiangazi. Mwita, ambaye alikuwa dereva wa lori na mtu wa Tarime, alisema hadharani kwamba watu wa Mara hawawezi kula nyama iliyochomwa na mtu anayeangalia simu. Mzee Ezekiel akamjibu kwamba Umoja hauna nyama ya mkoa. Mwita akachukua koleo lake, akavuka majani hadi jiko la upande wa pili wa bustani ile ile, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja wakijifanya wanatafuta kivuli. Mwaka uliofuata walikuja na fulana nyekundu zenye picha ya ng'ombe. Bado walisalimia, lakini kama watu wanaopita mpakani.

Halafu Kilimanjaro, chini ya Elisante, mwenye duka la kusafirisha mizigo. Hawa hawakujitenga kabisa. Walitoa taarifa kwamba wanajipanga. Walijipanga na mwenyekiti, katibu, walezi, na kundi la WhatsApp ambalo ukiingia unaombwa utaje tarafa. Pwani nao wakaona wenzao wamejipanga, wakajipanga. Kila ufalme ulimwachia Mzee Ezekiel heshima zake zote. Walimwita Baba wa Taifa letu la huku, walimpigia makofi, na walifanya sherehe zao Jumamosi ile ile aliyotangaza ya kwake.

Kwetu Kagera mambo yalikuwa na historia ndefu zaidi. Sisi wafalme tulikuwa nao kweli, mpaka serikali ilipowastaafisha baada ya Uhuru. Binamu yake Laurean, Benadetha, mwanamke mwenye shingo ya kubebea shanga, alianzisha Umoja wa Kagera na akajichagulia kiti kirefu. Mwaka haukuisha, watu wa Karagwe wakasema wanadharauliwa, wakatoka. Ihangiro, ufalme mwingine wa zamani, wakafuata. Waliobaki na Benadetha wakawa Kiziba peke yao. Laurean ni wa Kiziba, mimi ni wa Ihangiro. Asubuhi moja nilijikuta nimelala na raia wa nchi jirani. Tulikunywa chai bila tukio lolote, lakini Benadetha aliniondoa kwenye kundi la simu kabla kikombe hakijapoa.

Hapa ndipo watu wanapokosea kuhusu Laurean. Wanasema alijitangaza mfalme wa Hyattsville. Alijitangazaje, mtu ambaye falme zote zilimwita awapangie viti? Ijumaa alikuwa kwa Mwita, Jumamosi kwa Elisante, Jumapili baada ya misa kwa Benadetha. Aliwafahamu wote, na alikuwa na kasoro moja ambayo mimi mjane wake naruhusiwa kuitaja: hakuweza kumwambia mtu hapana. Mtu akimnong'oneza kwamba angependa kukaa meza kuu, Laurean alitafuta kiti. Alikuwa akisema kwamba kiti ni kitu kidogo. Ningekuwa mkali zaidi kuhusu hilo, historia ingekuwa nyingine.

Sasa nifike kwa Queen.

Queen alipata mchumba, Mark, muuguzi mwenzake, kijana wa Silver Spring ambaye wazazi wake ni Wakenya wa upande wa Eldoret. Baba yake, Mzee Tobias, anaendesha basi la shule na ni mzee wa kanisa. Mama yake anaitwa Jerotich. Watoto wenyewe walikwisha kukubaliana kwa Kiingereza, lakini Mzee Tobias hakutaka mambo ya Kiingereza. Alituma ujumbe kupitia kwa Mark, ujumbe wa heshima na usio na mlango wa nyuma. Watakuja mara moja tu. Kaka yake mkubwa anatoka Eldoret kwa ajili hiyo tu. Kwao mtu anaposa kwa watu, haposi kwa mlango wa apatimenti. Wakikuta nyumba yenye watu na msemaji mmoja, watazungumza. Wakikuta nyumba haijui nani anaisemea, wataelewa kwamba binti bado hajawa tayari kutolewa, watashukuru, na watarudi bila kinyongo. Hawatakuja tena.

Laurean hakuwa na kaka upande huu wa dunia. Watu wake walikuwa Umoja, na Umoja ulikuwa umebaki Mzee Ezekiel na muhuri. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo baba yeyote angefanya. Alikwenda kwa kila mfalme, akakaa sebuleni kwake, akamwomba aje asimame nyuma yake siku hiyo. Wote walikubali kwa furaha. Na kila mmoja, alipokuwa akimsindikiza hadi kwenye gari, aliuliza kama alivyouliza mwenziwe: msemaji atakuwa nani?

Alirudi usiku ulipoanza, akaketi jikoni. Nilimuuliza amewaambia nini.

"Nimewaambia tutaona."

"Wote?"

"Sijamwambia mtu ndiyo, Honorata."

"Na hapana umemwambia nani?"

Aliinuka akaosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Tuliunganisha posa na sendofu, sherehe ya kumuaga binti, siku moja, kama tunavyofanya huku kwa sababu ya ukumbi na likizo. Ukumbi ulikuwa chini ya kanisa moja hapo Hyattsville, mpana, wenye nguzo. Laurean aliamka mapema akapanga meza kuu ya watu wanane. Ilikuwa meza nzuri, yenye kitambaa cheupe na maua ambayo niliyachagua mimi.

Kisha wafalme wakaanza kufika. Mwita alifika na katibu wake na mweka hazina, kwa sababu aliona gari la Elisante limejaa. Elisante alifika na katibu, katibu msaidizi na walezi wawili. Watu wa Pwani walileta shehe na mshauri wa shehe. Benadetha alikuja na baraza zima la Kiziba, na aliposikia Karagwe wamo, alipiga simu kuongeza wengine. Mzee Ezekiel aliwekwa katikati na fimbo yake. Kila aliyeingia Laurean alimwongezea kiti, na kila meza iliyojaa aliiongezea meza. Meza kuu ikafika ukutani. Ikakata kona. Ikateremka upande wa pili hadi karibu na vyoo, na waliokaa karibu na vyoo walisisitiza kwamba bado ni meza kuu. Kufikia saa ambayo wageni waliingia, waliokaa juu walikuwa wengi kuliko waliokaa chini. Ukumbini walibaki Queen na rafiki zake, wanawake wachache wenye akili timamu, na mimi, niliyekataa kiti cha pembeni nilichopewa na Benadetha na kuamua kukaa na mwanangu.

Laurean hakuwa na kiti. Cha kwake alikuwa amempa katibu msaidizi wa Kilimanjaro. Na kwa sababu ya kubeba meza alikuwa amevua koti, amebaki na kizibao chake cheusi na mikono ya shati imekunjwa.

Mzee Tobias akaingia na watu wake, akatazama lile jeshi lililokaa juu, akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akamwona mtu aliyesimama karibu naye.

"Mzee wangu," akamwambia, "hebu tuongezee viti viwili hapa. Huyu mama ako na shida ya mgongo."

"Vinakuja, bwana," akasema Laurean, na akaenda kuvileta. Akamkunjulia Mama Jerotich kiti na kumwekea mto. Nilitaka kuinuka, Queen akanishika mkono. Wanaosimulia kisa hiki wakicheka, hapo ndipo wanapochekea. Mimi niliona mtu aliyewafanya wageni wake wakae vizuri.

Mzee Tobias alisimama. Alisema wametoka mbali, wameona ua katika hii boma, na wao si watu wa kung'oa ua la wenyewe usiku. Ilikuwa hotuba fupi na nzuri. Akamaliza kwa kuuliza, "Sasa tungeomba kujua, tunaongea na nani?"

Walisimama wanne.

Aliyeshika maikrofoni kwanza alikuwa Elisante, lakini hakuweza kusema kitu kabla ya kutambua waheshimiwa waliopo, na hakuweza kuwatambua bila kuwapanga. Alimtaja Mzee Ezekiel, sawa. Alipomtaja Benadetha kabla ya Mwita, Mwita alikohoa. Alipojirekebisha, Benadetha aliuliza kwa utulivu kama Kiziba siku hizi ni tarafa ya Mara. Akaanza upya kwa herufi za alfabeti, na Pwani wakahoji. Alipoketi alikuwa bado hajafika kwenye neno posa.

Mwita akaichukua maikrofoni. Yeye hakuwa na subira na itifaki. Alisema mambo ya binti yanajulikana duniani kote, akaanza kutaja ng'ombe: madume, mitamba, na mmoja wa mjomba.

"Mwita," akasema Benadetha, "kwani huyu mtoto ni wa Tarime?"

"Ni mtoto wetu sote."

"Ng'ombe je, ni wetu sote? Utawafuga wapi, kwenye lori lako?"

Watu walicheka, na kucheka kuliwapa wengine nguvu ya kusimama. Mzee Ezekiel, ambaye kifaa chake cha sikio kilikuwa kinapiga filimbi, alisema Umoja unawakaribisha wageni na kwamba sherehe ya Uhuru ni Desemba. Hakuna aliyemkatisha. Walimpigia makofi, wakaendelea.

Nilikuwa ninamtazama kaka yake Mzee Tobias, yule aliyetoka Eldoret. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, ameweka koti lake juu ya magoti. Alimwambia Tobias neno sikioni. Kisha akaanza kuingiza mkono mmoja katika koti. Mark aliona. Queen aliona pia. Mtoto aliyekulia huku, ambaye hujibu Kiswahili kwa Kiingereza, alijua vizuri maana ya mzee wa watu kuvaa koti.

Wakati huo Akinyi, mpishi wetu, Mjaluo wa Rorya mwenye jiko lake la sherehe, alitoka mlangoni na kitambaa begani. Hakumwita mfalme yeyote. Alimwita Laurean.

"Baba Queen, ndizi zinaganda na wali unageuka uji. Nimeleta wasichana wawili tu wa kugawa. Nianze na nani?"

Kwetu meza kuu ndiyo huanza kuhudumiwa, na haihudumiwi yote kwa pamoja kama ni ndefu kiasi hicho. Lazima kuwe na sahani ya kwanza. Laurean alijua hivyo, akapanda mbele kuuliza. Nilisikia kila neno, na kama kuna aliyesikia vingine, alikuwa anasikiliza tumbo lake.

Alianza na Mzee Ezekiel, kwa heshima. Mzee akasema Umoja hauli kabla ya wanachama wake. Laurean akahamia kwa Mwita.

"Mpeni Benadetha kwanza," akasema Mwita, "asije akasema tumemnyang'anya na sahani. Sisi watu wa Mara hatuna njaa."

"Ta Laurean," akasema Benadetha, kwa heshima ya Kihaya na bila kumtazama Mwita, "nani kakwambia Kiziba tuna njaa? Sisi tumetoka majumbani tumekula. Wape Wachaga."

Elisante alitabasamu. Alisema Kilimanjaro nao wanaweza kusubiri, tena wanaweza kusubiri zaidi ya wengine. Pwani wakasema wao walikula adhuhuri. Karagwe wakasema hawakuja kwa ajili ya chakula. Ikateremka hivyo hivyo, kiti kwa kiti, ikakata kona, mpaka mlezi wa mwisho karibu na vyoo, ambaye mimi najua alikuwa hajala tangu asubuhi, naye akasema hana njaa hata kidogo.

Laurean alimgeukia Akinyi. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, ile anayoitumia kuuliza kama dirisha limefungwa:

"Basi waheshimiwa hawana njaa. Akinyi, anza na wageni."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuongeza neno, hakupiga meza, hakutukana. Aliwaamini. Ikiwa kumwamini mtu mzima anaposema hana njaa ni kumnyima chakula, basi na waniambie neno gani litumike kwa kudanganya.

Akinyi alishusha masufuria. Ndizi na nyama, wali, maharage ya nazi, na sahani mbili za senene waliotoka Bukoba ndani ya sanduku la shangazi. Laurean alichukua sahani yake, akavuta kiti cha plastiki, akaketi kando ya Mzee Tobias. Mimi nikasogeza cha kwangu. Mzee Tobias alitazama kizibao, akanitazama mimi, akamtazama Queen aliyekuwa na pua ile ile.

"Wewe ndio baba ya msichana," akasema.

"Ndimi."

"Na mimi nikakutuma viti."

"Uliletewa?"

"Nililetewa."

"Mama anakaa vizuri?"

"Anakaa vizuri sana."

"Basi," akasema Laurean. "Kula kwanza, ndizi ikipoa haina faida."

Walikula. Mama Jerotich aliuliza wale wadudu ni wa nini, akaambiwa, akaonja mmoja kwa adabu na wa pili kwa hiari. Kaka mkubwa alikuwa bado na mkono mmoja ndani ya koti. Kwa Kiswahili cha kwao cha polepole alisema wao waliambiwa watakuta msemaji mmoja, na huko juu ameona wengi, na hajasikia jambo.

Laurean aliweka sahani chini. Alisema wale walioko juu ni watu wake, wamekuja kwa ajili yake, na asiwadharau. Lakini mtoto huyu alimlea yeye na huyu mwanamke, na kama wageni watakubali kuzungumza na watu wawili, wako hapa.

"Mama anasema nini?" akauliza yule mzee.

Nilisema ninachokumbuka kusema: kwamba tumewapokea, kwamba kijana wao tunamfahamu na hatuna shaka naye, na kwamba katika nyumba yetu binti huulizwa. Kwa hiyo tulimuuliza, mbele ya wazee wa pande zote mbili, kama watu hawa anawajua na kama tuwape maji ya kukubali posa. Queen alimgeukia baba yake. Nilitegemea Kiingereza.

"Ninawajua," akasema. "Baba, wape maji."

Kwetu neno la posa hufungwa kwa pombe ya ndizi. Wakwe zetu si wanywaji, kwa hiyo Laurean alifungua chupa ya soda ya tangawizi, akamimina katika vikombe vya karatasi, akasema mababu wa Kanyigo watatusamehe. Kaka mkubwa akanywa. Kisha akavua ule mkono mmoja, akalikunja koti, akalitundika mgongoni mwa kiti. Wanawake wakapiga vigelegele, wa kwetu na wa kwao.

Je, hapo hakukuwa na mzee aliyesema? Kulikuwa na wazee watatu na mama wawili, na binti alijibu kwa kinywa chake. Nimesoma habari za ndoa za wafalme zilizofungwa kwa watu wachache kuliko hao.

Huko juu walisikia vigelegele na wakageuza shingo. Harufu ya nyama ilikuwa imewafikia zamani. Lakini sasa walikuwa wamefungwa na maneno yao, maana wote waliona jambo moja: wa kwanza kunyanyuka kwenda kwenye sufuria ndiye ambaye ufalme wake ulikuwa na njaa. Wakabaki wamekaa, wanatabasamu kwa mbele, kama picha ya kikao. Mweka hazina mmoja alijaribu kujifanya anakwenda chooni akaitwa arudi. Muziki ukaanza. Watoto wakala mara ya pili. Jua likateremka hadi kwenye vioo vidogo vya juu.

Hatimaye mmoja alinyanyuka. Akafuatwa na mwingine, halafu ukumbi mzima ukasikia viti vikikwaruza sakafu kwa pamoja, na hapo itifaki ilikwisha. Chakula kilitosha. Akinyi ni shahidi, na ni shahidi pia kwamba wapo waliorudi kwa mara ya tatu na kuomba vyombo vya kufungashia wachukue nyumbani.

Wiki iliyofuata falme zote zilikutana. Haikuwa imetokea kwa miaka. Mara, Kilimanjaro, Pwani, Kiziba, Karagwe na Ihangiro walikaa chumba kimoja chini ya Mzee Ezekiel, na kwa kauli moja walipitisha azimio la kulaani kitendo cha Ndugu Laurean Kaijage cha kudhalilisha uongozi. Lilikuwa jambo la mwisho ambalo Umoja ulikubaliana juu yake. Baada ya hapo kila mmoja alirudi na fulana yake, na Mzee Ezekiel akahamia Texas kwa mwanawe na ule muhuri. Kama hiyo ndiyo maana ya kuua Umoja, mimi kama mwalimu wa historia nasema Laurean aliuunganisha kwa jioni moja zaidi ya wao walivyowahi.

Tena niseme ambacho hawakisemi. Mkutano ule ulihitaji ukumbi upangwe, na walimpigia yeye. Alikwenda. Nilimwambia asiende, akasema viti havina kosa. Aliwapangia vizuri, akaweka maji mezani, kisha akakaa kwenye korido mpaka walipomaliza kumlaani, akakunja meza, akarudi nyumbani na treni. Alipofariki, kwa moyo, akiwa kazini na miguu yake ikiwa ndani ya viatu vilivyopigwa rangi, wote walikuja, na Mzee Tobias na Mark ndio waliobeba jeneza mbele. Wakwe hawabebi jeneza la mtu aliyewatolea binti kwa dharau.

Linabaki swali moja, na naulizwa nje ya kanisa, kwenye simu, na hata na watu wa Baltimore ambao hawakualikwa. Wanataka kujua ni nani aliyenyanyuka kwanza. Falme zote zinasema si wao, kila moja inamtaja jirani, na naambiwa kuna vijana wameanza kupiga kura kwenye simu. Mimi nilikuwa nimekaa nimeelekea meza kuu. Nilimwona akisukuma kiti, nilimwona akitembea, na ninajua alichukua ndizi kabla ya wali. Laurean pia alimwona. Alimpa sahani kwa mikono miwili, na hakumtaja mpaka anakufa.

Nami simtaji. Msiniulize tena.